Vumbi la Mashine na Fundi Bati

Mashine ya kusaga mahindi inayojulikana na kila mtu wa Misigiri haisagi tu, inapuliza pia. Chini ya kinu, nyundo zikishavunja punje, feni hunyonya unga kupitia chekeche na kuusukuma juu kwa bomba la bati hadi kwenye pipa lenye kitako kilichochongoka. Ndani ya pipa hilo hewa huzunguka kwa kasi, unga hubanwa ukutani na kuteremka hadi kwenye mfuko, na hewa hutokea juu. Bomba, kona, pipa na koni yake vyote ni bati lililokatwa, likakunjwa na kuungwa kwa mkono, na mashine nyingi za aina hii huundwa hapahapa nchini katika karakana za kawaida. Kwa hiyo ufundi wa kuiongoza hewa ndani ya bati si mgeni vijijini. Umetumika kuuokoa unga usipotee. Haujatumika kumwokoa mwendesha mashine, ambaye kutwa husimama ndani ya wingu la vumbi mpaka nyusi zinageuka nyeupe.

Misigiri ni kituo cha njia panda wilayani Iramba, pale barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega inapoachana na ile ya Kiomboi. Nchi hii ni ya alizeti, mtama, uwele na mahindi. Ukielekea magharibi, barabara inateremka mlima Sekenke hadi Shelui, kwenye mwamba wa dhahabu unaochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Kazi zinazowalisha watu wa maeneo haya, yaani kukoboa, kusaga, kukamua mafuta na kuponda mawe, zote huzaa vumbi au joto ndani ya banda lenye kuta na paa. Hoja ya makala haya ni kwamba dawa ya vumbi hilo haihitaji mtambo wa kuagizwa wala kampuni ya kutoka Dar es Salaam. Fundi bati wa kituo chochote, yule anayetengeneza gata, ndoo, majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni, anaweza kuunda njia ya hewa inayofanya kazi, ile ambayo mafundi wa viyoyozi huiita dakti. Anachokosa ni vipimo vichache, na mteja aliye tayari kuvilipia.

Watakuwapo watakaouliza vumbi la unga lina ubaya gani ilhali ni chakula. Swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyechapisha mwaka 1700 kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliwaandika wasagaji, waokaji na wapepetaji wa nafaka miongoni mwa watu wanaoharibiwa mapafu na kazi zao, na leo pumu ya waokaji inatambuliwa katika nchi nyingi kuwa ugonjwa wa kazini. Kisha kuna moto. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha ngano cha Washburn mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa sababu ya vumbi la unga na kuua watu 18, na ni baada ya msiba huo wasagaji wa huko walipoanza kufunga kwa bidii mitambo ya kunyonya vumbi. Banda la mashine moja lenye mlango wazi si jengo la ghorofa lililojaa vinu, na sitaki kumtisha mtu bure. Lakini alizeti ina hatari yake ya pekee: makapi yake hutoa nyuzi nyepesi mno zinazoelea, zikafika kwenye mota iliyochemka au kwenye tanuri la kupashia mbegu, zikawaka. Vikaushio vya alizeti vinajulikana duniani kwa tabia hiyo ya kushika moto.

Pingamizi lenye nguvu zaidi kwa watu wa Singida ni upepo. Huu ni mkoa ambao wawekezaji wameutazama kwa miaka mingi kwa ajili ya umeme wa upepo, kwa nini basi mtu anunue bati na feni wakati madirisha mawili yanayotazamana yangemaliza kazi? Kwa joto, jibu ni kweli: dirisha kubwa upande wa upepo na tundu pana juu ya ukuta wa pili ni hatua ya kwanza, tena ya bei ndogo. Kwa vumbi, upepo hausaidii hivyo. Kwanza hauna saa. Pili, hupita katikati ya chumba na kulitawanya vumbi kabla ya kuliondoa, kwa hiyo linapita puani mwa watu wote waliomo ndipo litoke nje, mara nyingi kuelekea kwa mama lishe aliye nyuma ya banda. Vumbi hudhibitiwa pale linapozaliwa, sentimita chache kutoka kwenye mdomo wa mashine, kabla halijajichanganya na hewa ya chumba. Kazi hiyo dirisha haliiwezi.

Wala feni ya ukutani haiiwezi, ingawa ndiyo wengi wanayokimbilia. Jaribu kuzima kibatari: kwa kupuliza utakizima ukiwa umbali wa mkono, kwa kuvuta pumzi hutakizima hata ukikisogelea. Wahandisi wameipima tofauti hiyo. Hewa inayopulizwa kutoka kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 30 hubaki na takriban sehemu ya kumi ya kasi yake hata mita 9 mbele. Hewa inayonyonywa na bomba hilohilo hushuka hadi sehemu hiyo ya kumi ukiwa umbali wa sentimita 30 tu kutoka mdomoni. Feni iliyofungwa juu ya ukuta, mita tatu kutoka kwenye mashine, inanyonya hewa safi iliyo karibu nayo na kuliacha vumbi lilipo. Mwenye mashine huona feni inazunguka, husikia kelele, hulipa umeme, halafu hutangaza kwamba feni hazifai. Feni haina kosa. Haikupewa njia ya kufika penye vumbi, na njia hiyo ndiyo dakti yenye kofia pana mwishoni, iliyosogezwa hadi mahali unga unapomwagika.

Sasa tuingie karakanani. Bati bapa lenye zinki huuzwa kwa vipande vya futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220. Tuseme bomba linalotakiwa ni la kipenyo cha milimita 300. Mzingo wake ni 300 mara 3.1416, karibu milimita 942. Mkunjo wa kufungia, ule ambao kingo mbili hukunjwa zikashikana na kulazwa kwa nyundo, unakula upana wake mara tatu, hivyo mkunjo wa milimita 8 unahitaji nyongeza ya 24. Jumla ni 966. Katika bati moja hutoka vipande viwili vya urefu wa milimita 1220 kila kimoja, na hubaki utepe wa karibu nusu mita wa kutengenezea kona na mikanda. Mkunjo huo si mgeni kwa fundi: umo ubavuni mwa kila ndoo ya bati aliyowahi kuuza. Zana zake ni zilezile, mkasi wa bati, nyundo ya mbao, kipande cha reli kinachotumika kama fuawe, bomba nene la chuma la kuviringishia, na koleo. Mashine ya kukunja humwongezea kasi na usafi wa kazi, na anayepokea oda nyingi atapaswa kuinunua siku moja, ila kuikosa si sababu ya kutoanza.

Kazi inayomtenga mtengeneza ndoo na mtengeneza dakti ni kona. Fundi asiyefundishwa hukata bomba kwa pembe moja na kuliunganisha ghafla, hewa ikafika pale ikagonga ukuta, ikavuruga mwendo na kupoteza nguvu nyingi ambayo feni imeilipia. Kona nzuri ya nyuzi 90 huundwa kwa vipande vinne au vitano vilivyokatwa kwa mshazari, kila kimoja kikigeuka kidogo, na upinde wake huwa na nusu kipenyo ya mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo cha bomba. Ugumu uko katika kuchora kipande kimoja juu ya bati lililolala, kwa kuwa ukingo unaoonekana umenyooka katika bomba lililokwisha kuviringishwa huwa mstari wa mawimbi likiwa bapa. Njia yake ni ya shule ya sekondari: gawanya duara katika sehemu 12, pandisha mstari kutoka kila alama, pima urefu wa kila mstari kwenye mchoro wa ubavu, hamishia vipimo kwenye bati, unganisha nukta kwa mkono. Kigezo kimoja kikikatwa vizuri na kutundikwa ukutani, hutumika kwa kona zote za kipenyo hicho kwa miaka. Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa ya mafunzo inapostahili kwenda, kwani mchana mmoja wa jiometri una faida kuliko mashine iliyoletwa bila mtu anayejua kuchora.

Mtu atauliza kwa nini fundi ajitaabishe na mikunjo ilhali mashine ya kuchomelea ipo jirani. Sababu mbili. Bati hili limepakwa zinki ili lisishike kutu, na joto la kuchomelea huiunguza zinki pale pale panapoungwa, kwa hiyo kiungo ndicho kinachotangulia kuoza. Pili, zinki inayoungua hutoa moshi mweupe ambao ukivutwa humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye, hali ambayo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili na ambayo wengi huidhania malaria. Mkunjo, riveti na gundi ya kuzibia hufanya kazi bila moto. Palipo na lazima ya kuchomelea, kama kwenye fremu ya kushikilia feni, kitumike chuma cheusi kisha kipakwe rangi.

Vipande vinapounganishwa, dume liingie kwenye jike kwa kufuata mwendo wa hewa. Ukigeuza, ncha ya bati husimama mbele ya mkondo, nyuzi na pumba hukwama hapo, na baada ya msimu mmoja bomba limeziba. Kila kona iwe na mlango mdogo wa kusafishia. Viungo vizibwe, kwa sababu tundu dogo karibu na feni hunyonya hewa ya bure kwa nguvu zaidi kuliko mdomo ulio mwisho wa njia. Umbo nalo lina maana. Bomba la mraba lenye eneo sawa na la duara hula bati zaidi kwa asilimia 13, na lile pana lililobanwa, upande mmoja mara nne ya mwingine, hula zaidi kwa asilimia 41, tena kuta zake bapa hutetemeka na kupiga kelele mpaka zikunjwe mistari ya mshazari ili zikakamae. Dakti za pembe nne unazoziona katika majengo ya ofisi zipo hivyo kwa sababu nafasi juu ya dari ni finyu. Banda la mashine halina dari, basi duara ndilo lake.

Nimeacha ukubwa wa bomba hadi sasa kwa makusudi, maana hapo ndipo uchumi unapomdanganya mteja. Bomba letu la milimita 300 lina eneo la mita ya mraba 0.07. Ili vumbi la nafaka lisituame njiani, hewa inatakiwa kwenda karibu mita 18 kwa sekunde, na hiyo ni mita za ujazo 1.27 kila sekunde. Mteja akiona bei ataomba lipunguzwe liwe la milimita 250. Ataokoa sehemu moja kwa sita ya bati, mara moja tu. Lakini kwa kiasi kilekile cha hewa, msuguano hupanda kwa kanuni ya kipeo cha tano cha kipenyo: 300 kwa 250 ni 1.2, na 1.2 ikizidishwa yenyewe mara tano inakaribia 2.5. Nguvu ya kuivusha hewa ndani ya bomba hilo inakuwa mara mbili na nusu, na italipwa kila saa mashine inapofanya kazi. Akipunguza hadi nusu, 150, msuguano ni mara 32, na hakuna feni ya kawaida itakayokubali. Itazunguka huku hewa haitembei. Wala asiende upande wa pili akaliweka la milimita 400 kwa feni ileile, kwani kasi itashuka mpaka karibu mita 10 na vumbi litalala ndani ya bomba likisubiri cheche. Kwa joto tupu bomba pana ni zuri daima, kwa vumbi kuna kipimo chake, na mteja hapaswi kukubaliana bei na fundi kabla ya kukijua.

Atatokea anayesema fundi wa njia panda hana chombo cha kupimia hewa. Anacho. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji kupimia usawa wa msingi, ukipindwa kwa umbo la herufi U na ncha moja ikachomekwa kwenye tundu dogo ubavuni mwa dakti, hupima mvuto wa feni. Tofauti ya milimita 10 kati ya maji ya pande mbili ni shinikizo la paskali 98. Fundi akiandika kipimo cha siku ya kwanza kwa chaki juu ya bomba, siku yoyote baadaye ataweza kutambua kama njia imeziba, imetoboka au feni imechoka. Kipimo cha aina hii kilitumika katika viwanda vikubwa kwa vizazi vingi kabla ya vifaa vya kielektroniki.

Bomba la plastiki lina watetezi wake, na kwa maji sina neno nalo. Kwa vumbi kavu linalosuguana na ukuta kwa kasi, plastiki hujikusanyia umeme tuli na haina njia ya kuutoa, nayo huyeyuka moto ukiingia. Bati huunganishwa na waya hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na umeme huo huisha. Hata hivyo bati lenyewe si la aina moja. Namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyopungua unene, na bati la kuezekea la geji 30 ni jepesi mno kwa bomba linalonyonywa na feni yenye nguvu: hujikunja kuelekea ndani. Tena geji zinazoandikwa madukani hazilingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Ni salama zaidi kuuliza milimita. Kwa bomba la milimita 300 la kubeba vumbi, nusu milimita iwe kiwango cha chini, na kona zinazosuguliwa zaidi ziwe nene kuliko hapo.

Kuna mahali ambapo hoja hii ina mipaka. Sekenke ilianza kuchimbwa dhahabu chini ya Wajerumani mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyotengenezewa sarafu ya rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wakati vita vilipokuwa vimeikatia koloni njia ya bahari. Wachimbaji wadogo bado wako kwenye ukanda huo. Shimoni hewa hulazimika kupelekwa kwa feni na njia, na Georgius Agricola alikwisha kuchora mashine za kazi hiyo zenye mifereji ya mbao katika kitabu kilichotoka mwaka 1556. Lakini katika shimo jembamba linalorefushwa kila wiki, bomba la bati ni zito, hupondwa na mawe na kuzuia njia. Mfuko mrefu wa turubai au plastiki laini unafaa zaidi. Juu ya ardhi, kwenye karasha, vumbi la mwamba lina silika inayotia makovu kwenye mapafu yasiyopona, na kinga ya kwanza pale ni kusaga kwa maji. Dakti ije baada ya maji, si badala yake.

Linabaki suala la nani atamlipa fundi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya waajiriwa wake, lakini mwenye mashine moja na vijana wawili mara chache huona mkaguzi, na sitegemei sheria ifike kabla ya faida. Faida ipo. Nyuzi na pumba zisipofunika mota, mota haichemki ovyo, na vumbi linalonaswa kwenye mfuko wa kitambaa mwisho wa njia ni pumba inayouzika kwa wafugaji wa kuku. Kuhusu mafunzo, SIDO iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo ina ofisi mkoani Singida, na vyuo vya VETA hufundisha uundaji wa vyuma. Vyombo hivi viwili vinaweza kuandaa vigezo vya kona, kofia na koni za vipenyo vitatu au vinne, vikachapishwa kwa ukubwa halisi ili fundi avilaze juu ya bati na kukata. Gharama yake ni karatasi na wino.

Mwenye mashine asisubiri vigezo hivyo ili aanze. Amwite fundi bati kabla ya kununua feni, wapime pamoja umbali kutoka mdomo wa mashine hadi nje, wahesabu kona na kuzipunguza, wachague upande wa kutolea usio na majirani, ndipo feni ichaguliwe kufuata njia hiyo. Na dukani aombe bati bapa lenye zinki kwa kutaja milimita, alipime kwa kalipa mwenyewe kabla ya kulipa.